Barua ya wazi kwa wakuu wa reli za viungani: kabla ya ramani, tuonyesheni ratiba

Waheshimiwa mawaziri wa uchukuzi, wakuu wa mashirika ya reli na wapangaji wa miji,

Mimi ni abiria. Kwa miaka kumi na tisa nimekwenda kazini na kurudi nyumbani kwa treni ya viungani, na kituo changu ni cha nne ukihesabu kutoka katikati ya jiji. Anayezijua treni hizi ameshanielewa. Asubuhi treni hutufikia ikiwa imekwisha jaa huko itokako. Milango hufunguka, waliomo hujikunyata, wawili watatu huingia kwa kusukumana, na sisi wengine hubaki jukwaani tukiitazama ikiondoka. Asubuhi moja ya mvua nilimwona mama mjamzito akiziacha treni tatu zipite kwa sababu hakuthubutu kujipenyeza. Hatukusemezana, ila tangu siku ile nimekuwa nikiitunga barua hii kichwani.

Miaka michache iliyopita reli yetu ilirefushwa. Vituo vitatu vipya viliongezwa mbele ya kile kilichokuwa cha mwisho, na mimi nilishangilia kama wengine, maana nina ndugu huko. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa. Haukupita muda mrefu tukaanza kuhisi kwamba tunasubiri zaidi kuliko zamani, na kila treni inafika imejaa zaidi. Wengine walidhani ni hitilafu ya muda. Haikuwa hitilafu. Reli iliongezwa, treni hazikuongezwa.

Naomba mniruhusu niiweke hesabu hiyo mezani, kwa sababu sijawahi kuiona kwenye bango lolote la mradi. Chukueni njia ambayo treni hutumia dakika 100 kwenda, kugeuza na kurudi ilikoanzia. Mkitaka treni ipite kila dakika 10, mnahitaji seti 10, yaani treni 10 kamili. Sasa refusheni njia hiyo kwa mwendo wa dakika 15. Mzunguko mzima unakuwa dakika 130, na ili treni iendelee kupita kila dakika 10 mnahitaji seti 13. Msiponunua zile tatu, seti 10 mlizonazo zitapita kila dakika 13. Mtu wa ofisini anaweza kuziona dakika tatu kuwa si kitu. Lakini katika saa moja, treni sita zimeshuka mpaka wastani wa nne na nusu na ushei, na abiria waliokuwa wakigawana sita sasa wanabanana humo pamoja na wenzao wapya wa vituo vitatu. Na hapo sijahesabu seti za akiba kwa siku za matengenezo, wala madereva ambao mafunzo yao huchukua miezi mingi, wala karakana na mahali pa kulaza treni usiku. Seti zikilala upande mmoja tu wa njia, treni za kwanza za alfajiri zitalazimika kukimbia tupu hadi ncha ya pili ndipo zianze kubeba watu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na karibu yote mengine yanatoka humo, ni hili: msituletee ramani kabla ya ratiba. Ramani inasema reli itafika wapi. Ratiba inasema itapita mara ngapi, na nani ataweza kuipanda. Mtu anayeishi mita mia nne kutoka kituo chenye treni moja kwa saa hana reli kwa maana inayomsaidia kuamka na kwenda kazini. Akiikosa ya saa kumi na mbili na nusu, siku yake imeharibika. Palipo na treni kila dakika 10 mtu haangalii saa, anatoka tu nyumbani. Kwa maoni yangu tofauti ya kweli kati ya mji wenye reli na mji wenye mistari ya reli iko hapo.

Jambo la pili ni koo la njia. Mitandao mingi ya viungani imejengwa kama mti: matawi mengi yanakutana kwenye shina moja linaloingia mjini. Munich, Ujerumani, ilifungua S-Bahn yake, yaani mtandao wa treni za viungani, mwaka 1972, mwaka wa Michezo ya Olimpiki, kwa handaki linalopita chini ya katikati ya jiji likiunganisha stesheni kuu na stesheni ya mashariki. Handaki hilo lina uwezo wa kupitisha hadi treni 30 kwa saa kila upande, nao ni uwezo mkubwa sana kwa njia mbili tu. Lakini karibu matawi yote yanapita humo, na treni moja ikipatwa na hitilafu ya mlango, mtu aliyeko mwisho wa tawi la mbali anachelewa. Ujenzi wa shina la pili ulianza 2017 kwa matarajio ya kufunguliwa mwaka 2026. Sasa inatajwa miaka ya kati ya 2030, na gharama imepanda sana. Tawi ni rahisi kuliongeza na linapendeza kwenye hotuba. Shina likishajaa, kila tawi jipya linakula nafasi ya tawi la zamani, na mwenye tawi la zamani hakuulizwa.

Hili linanifanya nifikiri kwamba mara nyingi kurefusha kunakofaa zaidi hufanyika katikati ya mji, si pembezoni. Zürich, Uswisi, walikataa kwa kura mwaka 1973 mpango mkubwa wa reli za chini ya ardhi pamoja na S-Bahn. Mwaka 1981 wakakubali mpango wa S-Bahn peke yake, na mwaka 1990 ukaanza kazi. Kiini chake kilikuwa handaki la kuiondoa stesheni kuu katika hali ya kuwa mwisho wa safari: treni zilizokuwa zikiingia, zikisimama na kugeuza, sasa ziliweza kupita na kuendelea upande wa pili. Paris walifanya jambo la jinsi hiyo mwaka 1977, walipoiunganisha RER, treni yao ya viungani, ya mashariki na ya magharibi katika stesheni ya Châtelet–Les Halles, katikati ya jiji. London wamelifanya juzi: Elizabeth line, iliyofunguliwa Mei 2022 baada ya kuchelewa zaidi ya miaka mitatu, ina urefu wa zaidi ya kilomita 100, lakini mahandaki mapya ni kilomita 21 tu. Sehemu kubwa ya zilizobaki zilikuwa reli za viungani zilizokuwepo tayari, kila moja ikiishia kwenye stesheni yake. Walizishona pamoja.

Treni inayoishia mjini hukaa kwenye jukwaa kwa dakika kadhaa. Abiria washuke, dereva atembee urefu wote wa treni hadi upande wa pili, breki zijaribiwe, wengine wapande. Dakika hizo zote jukwaa limezibwa. Kama stesheni yenu kuu ina majukwaa manne ya aina hiyo, mnaweza kuijenga reli hadi ukingo wa dunia na bado idadi ya treni zinazoingia mjini kwa saa haitabadilika. Waheshimiwa, kabla hamjatuambia kilomita ngapi, tuambieni koo lina nafasi ngapi zilizobaki.

Tena kuna suala la njia moja. Panapokuwa na njia moja ya reli kwa kilomita 10 bila mahali pa kupishana, treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa huichukua kwa dakika 10, na ya upande wa pili haiwezi kuingia mpaka ile itoke na ishara zibadilike. Ukihesabu kwenda na kurudi, treni kila nusu saa ndiyo ratiba unayoweza kuiahidi bila kusema uongo. Kuokoa fedha kwa kujenga njia moja ni sawa kama madaraja na matuta yamepimwa kwa mbili, ili ya pili iongezwe baadaye bila kubomoa. Reli ya Borders huko Uskoti, iliyofunguliwa Septemba 2015 kutoka Edinburgh hadi Tweedbank, kwa sehemu kubwa ni ya njia moja, na madaraja yake kadhaa mapya yalijengwa kwa upana wa njia moja. Kuongeza treni hapo leo ni kazi ya kubomoa kilichojengwa juzi.

Nakaa kidogo kwenye reli hiyo, maana ina mafundisho mengi. Kwanza, ilikuwepo zamani. Ilifungwa mwaka 1969, katika miaka ile Uingereza ilipofunga maelfu ya kilomita za reli baada ya ripoti ya Beeching ya 1963 iliyopendekeza kufungwa huko. Ilipotakiwa irudi, sehemu za njia ya zamani zilikuwa zimekatwa na barabara na majengo, na iliyorudi ni kipande tu cha ile ya awali, iliyokuwa ikifika hadi Carlisle. Pili, makadirio ya abiria yalikosea pande zote mbili. Mwaka wa kwanza, vituo vya mbali kama Galashiels na Tweedbank vilipata abiria mara kadhaa ya waliotarajiwa, na vile vya karibu na Edinburgh, kama Eskbank na Newtongrange, vikapata pungufu. Wataalamu waliofanya hesabu zile hawakuwa wajinga. Ndivyo ilivyo kukadiria: modeli hujua watu wanaotoka alfajiri kwenda kazini, lakini haimjui mjane anayekwenda kumwona mwanawe Jumapili, wala mwanafunzi aliyekataa kazi ya mbali kwa sababu hapakuwa na usafiri. Nauchukua mfano huo kama sababu ya kufanya jambo ambalo ni nadra kulifanya: miaka mitano baada ya kufungua, rudini na upembuzi yakinifu wenu hadharani, wekeni makadirio na hali halisi bega kwa bega, kituo kwa kituo.

Sasa, wapi?

Rahisi kusema ni kwamba reli ifuate watu. Mahali ambapo kila asubuhi mabasi yanashusha mamia ya watu kwenye kituo cha mwisho cha reli ni mahali panapojieleza penyewe. Tazameni mabasi hayo yanatoka upande gani, na mjue upande wa kwenda. Ningetanguliza pia njia zenye kitu kikubwa kwenye ncha yake: hospitali ya rufaa, chuo kikuu, eneo la viwanda, uwanja wa ndege. Treni ya viungani huugua ugonjwa mmoja duniani kote, nao ni kuja mjini imejaa na kurudi tupu. Ncha ikiwa na mahali ambapo watu wanakwenda, treni hubeba pande zote mbili kwa dereva yuleyule na umeme uleule.

Kigumu ni swali la reli kutangulia watu. Kila mradi wa kurefusha una kundi la watu wenye viwanja huko mbele, na dalali huijua ramani kabla ya abiria. Ningependa kusema jengeni mahali penye watu tu, lakini historia inanikataza. Kusini-magharibi mwa Tokyo, kampuni ya Tokyu ilisogeza reli ya Den-en-toshi kwenye vilima vya Tama kuanzia 1966 hadi ikafika Chuo-Rinkan mwaka 1984, na makazi yakajengwa sambamba. Wenye mashamba walikusanya ardhi zao pamoja, wakatoa sehemu kwa ajili ya barabara na huduma, wakarudishiwa viwanja vidogo vyenye thamani kubwa zaidi. Aliyejenga reli ndiye aliyefaidika na ardhi, kwa hiyo gharama na faida zilikaa kwenye daftari moja. Na hata huko, waheshimiwa, mafanikio yalileta msongamano: njia hiyo ikawa miongoni mwa zinazojulikana Tokyo kwa kujaa, na ikabidi njia ziongezwe kwenye sehemu yake ya ndani. Marne-la-Vallée mashariki mwa Paris ni vivyo hivyo. RER A iliusogelea mji huo mpya hatua kwa hatua, 1977, 1980, kisha kituo cha Chessy mwaka 1992, na njia hiyo leo hubeba zaidi ya watu milioni moja kwa siku ya kazi, hata ikabidi treni zake ziwe za ghorofa.

Copenhagen walifunga jambo hili kwa kanuni. Mpango wao wa mwaka 1947 ulichora mji kama kiganja: vidole vimelala juu ya reli, na katikati ya vidole pameachwa mashamba na misitu. Baadaye wakaongeza sharti kwamba ofisi kubwa, zenye zaidi ya mita za mraba 1,500, zijengwe ndani ya mita 600 kutoka kituo. Ninaipenda kanuni hii kuliko handaki lolote. Inasema kwamba tukishaweka treni, hatutaruhusu mwajiri wa watu mia tano ajenge mahali ambapo watu hao watahitaji magari mia tano. Kama hamko tayari kuandika sharti la namna hiyo kwenye mpango kabambe wa mji, basi msipeleke reli kwenye mashamba matupu, kwa sababu mtakuwa mnapandisha bei ya ardhi ya watu wachache kwa kodi ya wote.

Na maegesho. Kila mchoro wa kituo kipya niliouona una uwanja mkubwa wa magari. Gari moja, pamoja na njia ya kupitia, huhitaji mita za mraba 25 hadi 30. Magari 1,000 yanakula hekta mbili na nusu au tatu, ardhi bora kuliko zote kwa kuwa iko mlangoni mwa treni, na watu wake wote wanaenea kwenye treni moja. Wakati huohuo mduara wa mita 800 kuzunguka kituo, umbali ambao mtu mzima huutembea kwa dakika kumi hivi, una hekta 200. Wajengeeni njia ya miguu yenye taa na kivuli, pasipo mtaro wa kuruka, na mtapata abiria wengi kuliko uwanja wowote wa magari utakavyowapa. Perth, Australia, walipojenga reli ya kwenda Mandurah, iliyofunguliwa Desemba 2007, waliipitisha sehemu kubwa katikati ya barabara kuu ya magari. Ni reli ya kasi, hadi kilomita 130 kwa saa, na kwa hilo wanastahili heshima. Wamefanya pia jambo la busara la kuingiza mabasi mpaka vituoni. Lakini kituo kilicho katikati ya barabara ya magari hakina majirani wa karibu. Mabasi hayo yakilegalega, kituo kinabaki kisiwa.

Najua nitaambiwa: wewe wa kituo cha nne umeshapata treni yako, unawafungia mlango walio mbali. Hoja hii naiheshimu, maana walio mbali wengi hawakuchagua umbali. Kodi za nyumba ziliwasukuma, na sasa wanaulipia kwa saa tatu au nne za kila siku barabarani. Wanastahili reli. Ninachokataa ni kupewa reli ya jina. Huko Mumbai, treni za viungani zilizokuwa zikiishia Virar zilipelekwa mbele hadi Dahanu Road mwaka 2013, kilomita zaidi ya 60. Watu walikuwa wameidai kwa miaka mingi na walikuwa na haki. Lakini zilipita kwenye njia mbili zilezile zinazotumiwa na treni za masafa na za mizigo, na nafasi ya kuongeza treni ikawa finyu. Ndiyo maana mradi wa kuongeza njia mbili nyingine ulibidi ufuate. Reli iliyofika bila nafasi ya treni inawafundisha watu wa mbali kwamba ahadi ilitimizwa na maisha hayakubadilika, na fundisho hilo ni baya.

Mpaka nafasi hiyo ipatikane, wapeni basi linalokwenda kwenye njia yake lenyewe hadi kituo cha mwisho, kwa tiketi ileile ya treni, na limsubiri abiria treni ikichelewa dakika tatu. Na leo hii, kabla ya mwaka wa fedha kwisha, pimeni na kuitenga ardhi ya njia ya baadaye, walipeni fidia wenyewe, wekeni alama za mipaka. Shamba leo ni shamba. Baada ya miaka kumi litakuwa nyumba, zahanati na msikiti au kanisa, na kila mita itakuwa na kesi mahakamani.

Kabla hamjatia saini mradi ujao, bandikeni kwenye kila kituo cha njia inayohusika karatasi moja. Iseme treni ngapi hupita hapa kwa saa sasa na ngapi zitapita baada ya kurefusha. Iseme seti ngapi zinanunuliwa na lini zinafika, madereva wangapi wanafunzwa, na nani anamiliki ardhi iliyo ndani ya mita 800 za vituo vipya. Mstari wa mwisho uwe na namba moja ambayo sijapata kuiona katika ripoti yoyote: ikifika saa moja na robo asubuhi, katika kituo hiki, ni watu wangapi watabaki jukwaani.

Nitaisoma kwenye kituo changu, na nitasimama pale saa moja na robo kuihesabu.

Wenu,
Abiria wa kituo cha nne